Hoteli ya Emin Pasha na watu aliowaacha nyuma

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina habari yake. Kibuli kina msikiti, Namirembe kina kanisa la Waanglikana, Rubaga kina kanisa la Wakatoliki. Old Kampala, alikojenga ngome Kapteni Frederick Lugard mwezi Desemba 1890, leo umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda. Nakasero, kwa upande wake, ni kilima cha serikali, balozi na majumba ya kale yaliyojengwa kwa ajili ya wakubwa wa enzi ya ukoloni.

Ni huko Nakasero, kandokando ya Barabara ya Akii Bua, ambako katika muongo wa kwanza wa karne hii ilifunguliwa hoteli ndogo ya kifahari yenye vyumba 20, ikapewa jina la Emin Pasha. Waliyoibuni waliijenga kwa mtindo wa kikoloni, wakalizungushia jumba la zamani bustani na veranda, ili mgeni ajione kana kwamba amefikia kwa bwana mkubwa wa zama zile. Mgahawa wake uliitwa Fez, jina ambalo Wazungu huiita ile kofia nyekundu yenye shada ambayo watu wa pwani tunaijua kwa jina la tarbushi. Na kweli, katika picha nyingi zilizobaki za Emin Pasha, tarbushi haikosekani kichwani mwake.

Barabara ina jina la mwenyeji. John Akii-Bua alikuwa mwana wa Uganda aliyeshinda medali ya dhahabu mjini Munich mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, akavunja na rekodi ya dunia. Hoteli ina jina la mgeni. Si ajabu, kwa sababu hoteli nyingi kongwe za miji yetu zina desturi hiyo. Kampala kuna Speke, Nairobi kuna Stanley, hoteli iliyoanza mwaka 1902. Lakini Speke alikuja na jina alilopewa na wazazi wake. Huyu wa Nakasero alikuja na jina la Kiislamu alilojichagulia mwenyewe, na jina hilo lina maana nzito.

Emin ni tamko la Kituruki la neno la Kiarabu Amin, yaani mwaminifu, mtu wa kuwekewa amana. Hakuna Muislamu asiyejua kuwa Al-Amin ndiyo sifa ambayo watu wa Makka walimwita Mtume Muhammad (S.A.W.) hata kabla hajapewa utume. Basi msomaji ana haki ya kuuliza: aliyejiita kwa jina hilo alikuwa nani, na amana aliyokabidhiwa aliifikisha wapi?

Kutoka Oppeln hadi Khartoum

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo umo ndani ya Poland. Jina lake lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer, na wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Hivyo kabla hajafika umri wa kujichagulia jambo lolote, Eduard alikwishavuka dini moja kwenda nyingine.

Alisomea udaktari, akahitimu Berlin mwaka 1864. Hata hivyo, hakupata idhini ya kufanya kazi hiyo nchini mwake. Akafunga safari kuelekea Dola ya Uthmaniya, akapata kazi ya udaktari wa karantini katika bandari ya Antivari, ambayo leo inaitwa Bar, nchini Montenegro. Huko alijifunza Kituruki na lugha nyingine kwa wepesi uliowashangaza watu. Mwaka 1870 akaingia katika utumishi wa Ismail Hakki Pasha, gavana wa Kaskazini ya Albania, akawa tabibu wa nyumba yake.

Hakki Pasha alipofariki mwaka 1873, daktari alirudi kwao Silesia akiwa amefuatana na mjane wa Pasha na watoto wake, akawatambulisha kwa ndugu zake kana kwamba ni familia yake mwenyewe. Mwaka 1875 akaondoka ghafla bila ya kuaga. Mama yule na watoto wake wakabaki ugenini, katika nchi wasiyoijua, kwa watu wasiowajua. Wanaomsifu Emin hulipita jambo hili haraka, nasi tunalitaja kwa sababu halikuwa la mwisho la aina yake.

Mwisho wa mwaka huohuo alionekana Khartoum, akijiita Mehemed Emin, tabibu wa Kituruki. Je, alisilimu? Katika barua aliyokuwa amemwandikia dada yake huko nyuma, alimtuliza kwamba alichokichukua ni jina tu, na kwamba hakugeuka Mturuki. Huku Sudan, askari na makarani wake walimhesabu kuwa mwenzao katika dini. Waislamu tumefundishwa kwamba kifua cha mtu hakipasuliwi ili kutazamwa kilichomo. Tumwachie Mola wake hilo, tuangalie matendo yake, ambayo yameandikwa.

Gavana wa mkoa wa mbali

Zama hizo Misri ilikuwa ikijitanua kufuata Mto Nile kuelekea kusini. Mkoa wa mwisho kabisa uliitwa Ikwetoria, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Aliyeutawala kwa niaba ya Khedive wa Misri alikuwa Mwingereza, Charles Gordon. Gordon alimwita Emin awe mganga mkuu wa mkoa, naye akawasili Lado, makao makuu, mwezi Mei 1876. Mwaka 1878, baada ya Gordon kupandishwa kuwa gavana mkuu wa Sudan yote, Emin akapewa mkoa wa Ikwetoria auongoze. Akawa Bey, na baadaye Pasha.

Alikuwa mtu wa kalamu kuliko upanga. Macho yake yalikuwa dhaifu mno, hata kusoma alilazimika kuusogeza ukurasa karibu na pua. Pamoja na udhaifu huo aliandika kila siku: hali ya hewa, maneno ya lugha za makabila, mimea, ndege na wanyama. Alituma mikusanyo ya ndege na viumbe wengine kwenye makumbusho za Ulaya, na wataalamu wakawapa baadhi ya viumbe hao jina lake. Yuko shomoro mdogo wa rangi ya hudhurungi anayeonekana katika nyika za Afrika Mashariki ambaye jina lake la kitaalamu ni Passer eminibey. Hata panya buku wa msituni anaitwa Cricetomys emini.

Uandishi huo una faida ambayo Waislamu wa Afrika Mashariki hawana budi kuijua. Mwaka 1876 Gordon alimtuma Emin kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda, ili kulitatua suala la kikosi cha askari wa Misri kilichokuwa kimekwama katika makao ya mfalme huyo. Ulikuwa mwaka mgumu kwa Waislamu wa Buganda. Mutesa, aliyekuwa akifunga Ramadhani na kuwahimiza watu wake waswali, aliwageukia vijana wa Kiislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyekuwa Muislamu na waliokataa kuswalishwa na mfalme asiyetahiriwa. Wengi wao waliuawa Namugongo.

Katika safari hiyo Emin alikutana na mzee wa Kiarabu, mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim. Mzee huyo alimsimulia kwamba aliingia Buganda kwa mara ya kwanza mwaka 1844, zama za Kabaka Suna, baba yake Mutesa. Akasimulia jinsi alivyowaona watu wakipelekwa kuuawa kwa amri ya mfalme, naye akasimama mbele ya baraza na kumwambia Suna kwamba watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba kuwaua bila ya haki ni dhambi. Emin aliyaandika maelezo hayo katika daftari lake. Kwa sehemu kubwa ni kutokana na daftari hilo kwamba mwaka 1844 umejulikana kuwa ndio mwaka ulioingia Uislamu Uganda. Ushujaa ule ulikuwa wa Ahmed bin Ibrahim, lakini lau si kalamu ya Emin, huenda usingetufikia.

Tusimpambe kuliko anavyostahili. Alijitahidi kupambana na wafanyabiashara ya watumwa katika mkoa wake, lakini utawala wenyewe uliishi kwa kuwatoza wanavijiji nafaka na ng'ombe, mara nyingi kwa mtutu wa bunduki. Na wengi wa askari wake walikuwa watu waliotekwa utotoni kutoka makabila ya Nile ya juu, wakatiwa jeshini, wakasilimu, wakaoa na kuzaa humo kambini. Kambi ndiyo iliyokuwa kabila lao, Kiarabu cha kambini ndiyo lugha yao, na Uislamu ndio uliowaunganisha.

Mwokozi aliyehitaji kuokolewa

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, na Sudan ikawaka moto. Tangu mwaka 1883 hakuna meli iliyofika tena Lado kutoka kaskazini. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ilianguka, Gordon akauawa. Emin na watu wake wakabaki kisiwa katika bara, hawana mishahara wala risasi za kutosha. Akahamisha makao yake kusini zaidi, hadi Wadelai. Askari walifuma nguo zao wenyewe kwa pamba waliyoilima.

Habari zao zilipofika Ulaya mwaka 1886, zilizusha msisimko mkubwa. Zikachangwa fedha, na Henry Morton Stanley akateuliwa kwenda kumwokoa Emin. Stanley alipita Unguja mwezi Februari 1887, akaandikisha zaidi ya wapagazi na askari 600 wa Kiswahili, akafanya mapatano na Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kisha akazunguka kwa meli hadi mdomo wa Mto Kongo ili aingie kutokea magharibi. Wokovu haukuwa lengo pekee. Mkobani mwa Stanley mlikuwa na pendekezo la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyetaka Ikwetoria iwe yake, na pendekezo la wafanyabiashara wa Uingereza, waliotaka Emin awatumikie wao.

Msitu wa Kongo uliwamaliza. Njaa, mishale na maradhi viliua mamia ya wana wa Unguja na Mrima, na wengi wao hawana hata jina lililoandikwa mahali. Wale waliobakia walipokutana na Emin kwenye ufuko wa Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, yeye alitokea katika meli yake akiwa na nguo nyeupe safi, na waokoaji wakiwa na matambara. Aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewapa waokoaji chakula na nguo.

Lakini ujio huo ndio uliovunja utawala wake. Askari walishuku kwamba wanataka kutolewa nchini na kuuzwa kwa Waingereza. Mwezi Agosti 1888 maofisa waasi walimkamata Emin huko Dufile. Jeshi la Mahdi lilipoikaribia ngome, mwezi Novemba, wakamwachia. Akashuka hadi Kavalli's, kambi ya Stanley juu ya Ziwa Albert.

Hapa ndipo palipo kiini cha habari yetu. Ofisa mmoja wa Kisudani, Selim Bey, alirudi Wadelai ili kuwakusanya askari na familia waliotaka kuondoka pamoja na gavana wao. Kazi hiyo ilihitaji muda: kulikuwa na wanawake, watoto, wagonjwa na vikongwe. Emin aliomba wasubiriwe. Stanley alikataa, akapanga siku ya safari. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 uling'oa mahema, na Emin akaondoka nao. Selim Bey alipofika na watu wake, alikuta majivu ya kambi.

Usiku wa Bagamoyo

Msafara ulipita chini ya milima ya Ruwenzori, Ankole, Karagwe, Usukuma na Mpwapwa. Emin alimchukua binti yake mdogo, Ferida, aliyezaliwa na mke Mhabeshi ambaye alikwishafariki. Mtoto alibebwa kwenye machela. Katika watu wa Emin, wengi hawakuiona bahari. Walifia njiani, au walibaki vijijini walimopita.

Tarehe 4 Desemba 1889 waliingia Bagamoyo. Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann waliwapokea kwa mizinga na karamu. Siku hizohizo jeshi hilohilo lilikuwa likimaliza vita dhidi ya Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuupinga utawala wa Kijerumani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Pwani ilikuwa na msiba, na ghorofani Bagamoyo kulikuwa na sherehe.

Katikati ya karamu ile Emin alitoka ukumbini. Kwa ubovu wa macho alipita dirishani akidhani anaelekea kwenye roshani, akaanguka kutoka ghorofa ya juu hadi barabarani, akapasuka fuvu. Stanley alivuka kwenda Unguja kupokea pongezi za dunia, na yule aliyepongezwa kwa kumwokoa akabaki katika hospitali ya Bagamoyo, hajiwezi.

Alipopona hakwenda Ulaya. Aliingia katika utumishi wa Ujerumani, nchi aliyoikimbia miaka mingi. Tarehe 26 Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo kurudi bara. Alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora, na mwezi Novemba akaanzisha kituo cha Bukoba, mji ambao wakazi wake wengi leo hawajui kuwa boma lake la kwanza lilijengwa na mtu huyu. Ferida alipelekwa Ujerumani, akalelewa na shangazi yake.

Kutoka Bukoba akaelekea tena Ziwa Albert, na huko, mwaka 1891, akakutana na walioachwa. Selim Bey alikuwa hai, na bendera ya Khedive ilikuwa ingali ikipepea. Emin aliwataka wamfuate. Wachache walikubali. Wengi walimuuliza anamtumikia nani, na walipojua kuwa hamtumikii tena Khedive, walikataa. Watu wale, walioonekana na Stanley kuwa waasi wasioaminika, walishikilia kiapo ambacho gavana wao mwenyewe alikwishakivua.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Ndui iliingia katika msafara. Desemba 1891 alimwamuru mwenzake, Franz Stuhlmann, awachukue wazima warudi Bukoba, yeye akabaki na wagonjwa. Hilo lihesabiwe upande wa mizani yake ya wema, kwa sababu safari hii hakuwaacha. Akiwa karibu kupofuka kabisa, aliingia Kongo ya mashariki wakati vita baina ya machifu wa Kiarabu na Kiswahili na serikali ya Leopold vikianza. Mwezi Oktoba 1892, mahali paitwapo Kinena, aliuawa na watu wa Kibonge, mmoja wa machifu hao. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Waliobaki majivuni

Vitabu vingi humaliza hadithi hapo. Kwa Waislamu wa Uganda na Kenya, hapo ndipo inapoanza.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, akitafuta askari wa kuimarisha Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alifika Kavalli's. Selim Bey hakukubali kuingia katika kazi mpya mpaka pawekwe sharti kwamba ruhusa itatoka kwa Khedive. Kisha wakaondoka, umati wa watu wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wafuasi. Wakawekwa katika ngome za mipakani Uganda. Uingereza iliitwaa nchi kwa bunduki zao.

Malipo yake yalikuwa haya. Mwaka 1893, ilipotokea fitina baina ya Waislamu na wenzao katika Buganda, Selim Bey aliondolewa cheo akahamishwa nchini, ingawa alikuwa mgonjwa. Alifia njiani, Naivasha. Mwaka 1897 askari wake walioandamwa na safari zisizokwisha, kwa mishahara midogo na ya kuchelewa, waliamriwa waende safari nyingine ndefu na kuziacha familia zao. Wakaasi. Yamkini babu zao walikumbuka siku walipofika kambini wakakuta majivu. Uasi ulizimwa kwa damu, na waliobaki wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902.

Watu hao ndio Wanubi. Uganda kitovu chao ni Bombo, kaskazini ya Kampala. Kenya walipewa mahali pa kukaa pembeni ya Nairobi, wakapaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Ndipo Kibera ya leo. Kiarabu cha kambini kikawa lugha kamili, Kinubi, wanayoilea watoto wao. Dini waliishika, wakajenga misikiti na madrasa kila walipopelekwa, na katika miji mingi ya Uganda na Kenya sauti ya kwanza ya adhana ilitoka kwenye kambi ya Wanubi.

Ila kwa zaidi ya miaka mia moja waliitwa wageni. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 za Kibera kwa ajili ya askari hao, bila ya kuwapa hati. Ardhi ikamegwa mwaka baada ya mwaka. Baada ya uhuru, kijana wa Kinubi nchini Kenya alipotaka kitambulisho alilazimika kupita mbele ya kamati ya kumchunguza, aeleze babu yake alitoka wapi, wakati babu huyo aliletwa na serikali yenyewe. Watoto walizaliwa bila ya uhakika wa uraia, mpaka kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto ilipotamka, mwezi Machi 2011, kwamba Kenya imewakosea haki watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati miliki ya ekari 288 huko Kibera. Ulinganishe mwenyewe, msomaji, 288 na 4,197.

Uganda iliwatendea vizuri zaidi katika maandishi: Katiba ya mwaka 1995 imewataja Wanubi miongoni mwa jamii asilia za nchi. Lakini katiba kuandika ni jambo moja, na jirani kukubali ni jambo jingine. Kwa sababu Idi Amin aliwapendelea baadhi yao katika jeshi lake, wengi walilipa kwa kukimbia makwao alipoanguka mwaka 1979, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki.

Jina na amana

Hoteli, kwa maana yake ya asili, ni nyumba ya wageni. Mwenye fedha hufikia, akapokewa, akatandikiwa kitanda, na hakuna anayemuuliza babu yake alitoka wapi. Ni jambo la kutafakari kwamba katika mji mmoja jina la gavana mgeni limekuwa alama ya starehe na ukarimu, ilhali wajukuu wa askari wake wamehangaika karne nzima kutafuta mtu wa kuwaambia: hapa ni kwenu.

Hatusemi jina lile lifutwe. Kufuta majina hakumrudishii mtu ekari moja. Na Emin hakuwa mtu wa kubezwa tu. Elimu yake imetufaa, na kitendo chake cha mwisho cha kubaki na wagonjwa wa ndui kinaonyesha kuwa huenda alijifunza, ingawa kwa kuchelewa, uzito wa jina alilojichukulia. Tunachosema ni kwamba jina la mtu mmoja likitundikwa mlangoni, yapo majina mengine yanayostahili kusomwa pamoja nalo. Yumo Ahmed bin Ibrahim aliyesema haki mbele ya mfalme. Wamo wapagazi wa Unguja na Mrima waliolala katika msitu wa Kongo. Yumo Selim Bey aliyelinda bendera aliyokabidhiwa hadi umauti ulipomkuta ugenini. Wamo mama wa Kinubi waliobeba watoto mgongoni kutoka Wadelai hadi Bombo na Kibra, na juu yao hakuna jengo lililoandikwa chochote.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu wana nafasi nzuri ya kuwasimulia watoto wao habari hii, hasa wale ambao jirani au mwanafunzi mwenzao ni Mnubi. Mtoto akijua kuwa familia ya jirani yake ilifikaje Kibera au Bombo, hatakuwa mwepesi wa kumwita mgeni. Na akiuliza maana ya Amin, aambiwe kwamba ni sifa ambayo mtu haipati kwa kujiita. Hupewa na wale waliomwekea amana, siku wanapoikuta salama.

Katika mizani hiyo, msomaji, aliyestahili kuitwa Emin kule Kavalli's alikuwa ni yule aliyerudi Wadelai kuwachukua wanawake na watoto, akachelewa kwa ajili yao.